Dozi Mbili za Kitanda cha Dirishani

Ukumbi wa dawa wa hospitali kuu ulikuwa umefurika asubuhi hiyo. Watoto walilia, viti vilikwaruza sakafu, na kila mtu alikuwa ameshikilia cheti chake cha dawa asije akaporwa zamu. Katikati ya vurugu hiyo kijana mmoja mrefu, shati lake la buluu limenyooka kwa pasi, alipenya mpaka dirishani akiwa amekumbatia sanduku.

"Kaka, foleni inaanzia kule mlangoni," alisema mfamasia mkuu bila kuinua macho.

"Samahani dada, mimi siumwi."

"Wanaoruka foleni wote huwa hawaumwi."

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, akarudi mlangoni kweli, akapanga foleni na sanduku lake nyuma ya bibi mwenye kikohozi. Zamu yake ilipofika alikuwa ametota jasho.

"Sasa nimefika kihalali. Mimi ndiye mkufunzi wa mfumo mpya wa kompyuta. Nimetumwa kwako."

Mfamasia akainua macho. Alivaa koti jeupe na kilemba cha zambarau, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyependa kupoteza muda. Huyo ndiye aliyekuwa amebisha milango ya wakubwa kwa miaka akiuomba mfumo huo.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unanipenda nikiwa mlangoni."

Ndivyo walivyoanza. Wiki zilizofuata mkufunzi alizunguka wodi akiwafundisha wauguzi kuagiza dawa kwa kompyuta badala ya karatasi, kwa majaribio kwanza, na kila alipopata upenyo alijikuta kwenye dirisha la dawa. Jioni simu zao hazikutulia.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakula nikikusikia."

"Basi utakonda, maana nataka kulala."

Hawakulala. Mfamasia alikuwa na jambo lililomkosesha usingizi tangu usichana wake. Kaka yake hakusikia kwa sikio moja, kwa sababu ya dozi iliyosomwa vibaya kwenye mwandiko wa daktari. Alipomsimulia mkufunzi habari hiyo, sauti yake ilipungua.

"Jumatatu tukiuwasha mfumo rasmi," alisema, "hakuna atakayesoma mwandiko wa mtu tena."

Kuna jambo lilikuwa linamkereketa mkufunzi, na siku ya Alhamisi likamshinda. Alimkuta mfamasia ngazini, akamvuta pembeni.

"Mpenzi, wauguzi wanaagiza kwa kompyuta, kisha wanaleta na karatasi. Hawauamini mfumo. Leo kitanda cha dirishani, wodi ya wanaume, dozi mbili zimefika kwa mgonjwa mmoja. Muuguzi ameishtukia ya pili ikiwa tayari kwenye sindano."

"Mgonjwa?"

"Mzima. Lakini Jumatatu ni karibu mno. Tuahirishe."

"Tukiahirisha, wakubwa wataufuta kabisa. Wanatafuta sababu tu. Nakuomba usiseme. Nitaongea na wodi mwenyewe."

"Utaongea na wodi zote kwa siku tatu?"

"Nimekuomba."

Mkufunzi hakujibu, naye mfamasia akakichukulia kimya chake kuwa ndiyo. Hapo ndipo walipopotezana. Kesho yake, kwenye kikao, mkurugenzi alitangaza kwamba mfumo hautawashwa mpaka itakapojulikana dozi mbili zilimfikiaje mgonjwa mmoja. Wote waligeuka kumtazama mfamasia. Yeye alimtazama mkufunzi, ambaye alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mfamasia alimwahi nje, kwenye maegesho.

"Nilikuambia habari za kaka yangu."

"Ndiyo maana nilisema. Nilimwona yule baba kitandani, nikamwona kaka yako."

"Usimtaje. Ungeniambia kwanza unakwenda kwa mkurugenzi. Ungenipigia simu, hata nikutukane."

"Ningekupigia, ungenishawishi."

"Basi usinipigie tena."

Hakupiga. Mfamasia alikaa na simu mkononi kama mtu anayesubiri majibu ya kipimo. Nyumbani mama yake alimwangalia akizunguka kutoka sebuleni kwenda jikoni, akamwambia, "Mwanangu, sakafu haijakukosea."

Hasira ndiyo iliyompeleka wodini. Alitaka kuthibitisha kwamba wauguzi wangeweza, kwamba mkufunzi alikuwa mwoga. Akamwendea msimamizi wa wodi ya wanaume, mama wa makamo ambaye hospitali nzima ilimwita Bi Chuma.

"Kwa nini mnaandika mara mbili?"

"Kaa, mama," alisema Bi Chuma. "Kompyuta mmeiweka wapi?"

"Mwisho wa korido."

"Na wagonjwa wangu wako mwanzo. Mmetuletea hiyo mashine kama mtu anayeletewa mke ambaye hakumposa. Hakuna aliyetuuliza. Nikienda kule kubonyeza, huku mtu anaanguka. Na siku mtandao ukilala, dawa haziji. Kwa hiyo tunaandika. Kijana wako ndiye pekee aliyetuuliza, akasema atawafikishia."

"Sikumpa nafasi," alisema mfamasia, na yeye mwenyewe akashangaa kujisikia.

Alikaa wodini siku ile mpaka zamu ilipokwisha. Kisha akaenda kwa mkurugenzi na ombi jipya: waanze na wodi moja tu, kompyuta isogezwe karibu na vitanda, Bi Chuma aseme ni lini karatasi ziachwe, na mtandao ukilala pawe na utaratibu mmoja unaojulikana na wote. Mkurugenzi akakubali kwa shingo upande. Mfamasia akaipigia kampuni iliyouleta mfumo, akaomba kuongea na mkufunzi.

"Huyo hayupo," alijibiwa. "Aliongea na mteja bila ruhusa. Tumeachana naye."

Akaomba aelekezwe atakakompata.

Alimkuta mchana wa jua kali kwenye duka la dada yake mkufunzi, akitoa nakala za vyeti vya watu. Shati la buluu lilikuwa na wino kifuani. Mfamasia alisimama kwenye foleni, koti lake jeupe bado mwilini, mpaka akafika mezani.

"Nakala ngapi?" aliuliza mkufunzi, kisha akamwona.

"Hukuniambia wamekufukuza."

"Ulisema nisipige."

"Tangu lini unanisikiliza?" Akaegemea meza. "Ulikuwa sahihi kuhusu Jumatatu. Nilitaka ushindi wa haraka, nikasahau watakaoubeba."

"Na mimi nilikuzunguka. Hilo si sahihi hata kidogo. Nilipaswa kukutazama usoni na kukataa."

Mteja nyuma alikohoa. Dada mtu akamsukuma kaka yake pembeni na kuishika mashine.

"Nimemwona mkurugenzi; hospitali inataka kukuajiri yenyewe," alisema mfamasia. "Wodi moja. Bi Chuma ndiye bosi wako."

"Nisaidie, Mungu wangu." Alicheka kwa mara ya kwanza. "Na wewe? Wewe unanitaka kwa kazi gani?"

Simu ya mfamasia ikalia. Ilitoka wodini: mtandao umelala, Bi Chuma anauliza ule utaratibu mpya wauanze vipi.

"Nakuja," alijibu, akageuka. "Twende."

"Sijajibiwa."

Mfamasia alikuwa ameshafika barabarani, anatembea upesi, naye mkufunzi anamfuata.

"Nije kwenu lini?" mkufunzi aliuliza, akihema.

"Jumapili," alisema bila kupunguza mwendo, akinyoosha mkono nyuma ili aushike. "Na uje na wazee wako."