Hita ya Sakariye

Rafiki yangu Sakariye, muuza nyama mjini Meru, ana pikapu ya dizeli. Injini yake huchelewa kupata joto, kwa hiyo ilikuwa na hita ndogo ya umeme ya kupasha joto miguu ya abiria. Mimi ndiye niliyemshauri aing'oe. Nilimwonyesha kwa hesabu kwamba inamaliza betri. Mwezi uliofuata, pikapu hiyo ilimbeba mke wangu Kaari kutoka Ruiri kwenda hospitali, akiwa peku, amepandanisha nyayo kwa baridi. Hakufika akiwa hai.

Jumanne alfajiri, Sakariye aliosha pikapu nje na ndani, akaenda Ruiri kuchukua mbuzi. Njiani, gizani, alisikia feni ya hita ikivuma upande wa abiria. Alikuja moja kwa moja kwangu Kaaga kunieleza.

"Uliirudisha hita?" nikamuuliza.

"Niirudishe vipi, mwalimu, na wewe ulishanipigia hesabu? Iko stoo, ndani ya gunia."

Akanifungulia mlango wa abiria. Zulia la sakafuni lilikuwa bado limelowa maji, isipokuwa mahali pamoja palipokauka kabisa. Palikuwa na umbo la nyayo mbili za mtu, zimepandana.