Sauti Iliyomjibu Sista Wanjira

Jibu lilimfikia Wanjira katika sikio la kushoto kabla hajamaliza kujiuliza swali, na lilikuja kwa sauti yake mwenyewe.

Ilikuwa mchana wa mwaka 2006, katika chumba cha mikutano cha hospitali moja ndogo ya binafsi karibu na mtaa wa Mountain View, Nairobi. Mwalimu Peres Ajwang, mama mrefu aliyekuwa muuguzi maisha yake yote, alikuwa ameletwa kuwafundisha wauguzi namna ya kuchunguza fikra zao kabla ya kuamua.

"Mgonjwa akilala pale," aliwaambia, "mbele yako kuna yeye, na kuna vile wewe unamfikiria. Hivyo ni vitu viwili. Jiulize: hiki nakijua, ama nakidhania? Ni wapi ninaweza kuwa nimekosea? Haya, fungeni macho mjaribu."

Wanjira, aliyekuwa msimamizi wa wodi ya wanawake, alifumba macho akajiuliza.

"Wewe hukosei," sauti ikamwambia.

Pumzi ya uvuguvugu ilimgusa shingoni, yenye harufu ya maji ya maua yaliyosahaulika chupani. Alifumbua macho. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, ila kitambaa chake kilikuwa kimebonyea kana kwamba mtu ndiyo kwanza ainuke.

Hakumwambia mtu. Aone haya mbele ya wauguzi wadogo, yeye mzima? Kisha sauti ile ilianza kumfaa. Ilimwambia bibi fulani alikuwa akificha dawa chini ya ulimi, na ikawa kweli. Ilimwambia kidonda cha mwingine kingechacha, kikachacha. Metroni Wanjugu, mkuu wa wauguzi, alimsifu mbele ya wote, akasema hayo ndiyo matunda ya mafunzo. Wanjira aliinamisha uso kama mtu mnyenyekevu, na moyoni akanenepa. Akaacha kujiuliza amekosea wapi. Alikuwa akiuliza tu, na kujibiwa.

Wakati huohuo wauguzi walianza kumjia wakiwa wamekunja nyuso. "Sista, umeniita?" Hakuwa ameita. "Sista, si umesema nifunge dirisha?" Hakuwa amesema. Aliwajibu kwa ukali ili wasiulize zaidi.

Kisha Syokimau akalazwa. Alikuwa fundi wa nguo kutoka Kangemi, mwanamke wa maneno mengi, tumbo likimsumbua tangu juzi yake. Mchana huo mvua ilikuwa imeuficha mji na umeme umepotea. Muuguzi Becky, msichana mpole ambaye hata mwaka hakuwa amemaliza kazini, alimfuata Wanjira.

"Sista, yule mama wa dirishani anasema bega pia linamuuma. Na presha yake imeshuka. Tumwite daktari?"

Walikwenda pamoja. Syokimau alikuwa amejikunja, midomo imepauka. Becky alipokwenda kutafuta taa, Wanjira alisimama kando ya kitanda, na ile harufu ikajaa mapazia.

"Ni gesi," sauti ilinong'ona. "Huyu anadeka. Daktari Taranjit yuko katikati ya upasuaji; ukimtoa kwa sababu ya gesi atakucheka."

"Ni gesi," Wanjira alimwambia Becky aliporudi. "Mpe maji moto."

"Sista, lakini bega..."

"Becky. Nimeshasema."

Mvua haikuwa imekatika wakati Syokimau alipozimia. Mimba ilikuwa imeshika kwenye mrija wa uzazi, mrija ukapasuka, damu ikajaa tumboni; maumivu ya bega yalikuwa dalili yake. Daktari Taranjit alimwokoa, lakini mrija huo ndio pekee aliokuwa amebaki nao, na Syokimau hakuwa na mtoto.

Metroni aliwaita wote wawili ofisini. "Hiyo mambo ya bega, nani alijua?"

Wanjira alifungua kinywa aseme ukweli. Lililotoka lilikuwa laini na lenye uhakika: "Mimi sikuambiwa."

Hakuwa amelisema yeye. Alilisikia likipita juu ya ulimi wake kama maji ya baridi. Lakini baada ya hapo kulikuwa na kimya, na kimya kile kilikuwa chake. Becky alimtazama tu. Wanjira angeweza kulikanusha neno lile. Hakulikanusha, na Becky akasimamishwa kazi, akaenda nyumbani, akilia bila sauti, sweta yake mkononi.

Tangu siku hiyo sauti ilimfuata hadi nyumbani Woodley. Jioni moja, Wanjira akianua nguo uani, alimsikia mumewe Muigai akizungumza jikoni, akinyamaza kama anayesikiliza, akicheka kidogo, akizungumza tena, naye akakaribia polepole na nguo kifuani, akiikanyaga nyasi kwa ncha za vidole kama mwizi katika boma lake mwenyewe, harufu ya maua yaliyooza ikizidi kwa kila hatua, mpaka akafika dirishani akamwona Muigai ameketi, ameegemea meza, akimsimulia habari za kazini mtu aliyekuwa nyuma ya mlango wa stoo, na kutoka nyuma ya mlango ule sauti yake yeye Wanjira ikajibu kwa upendo ambao hakuwa ameuonyesha kwa miezi, "Endelea, baba, nakusikia."

"Muigai," aliita kwa mnong'ono.

Mumewe aligeuka dirishani. Akautazama mlango wa stoo. Rangi ikamtoka.

"Sasa," alisema polepole, "hapa nilikuwa naongea na nani?"

Mchungaji alikuja akaomba. Kila alipovuta pumzi, sauti ya Wanjira iliitikia "Amina" kutoka chumba ambamo Wanjira hakuwamo. Mchungaji alimaliza upesi, chai akaiacha.

Ndipo Muigai alipompeleka kwa Mzee Ebrahim, mwenye duka la dawa pale Dagoretti Corner, aliyejulikana kwa kuwasomea watu waliosumbuliwa na majini. Aliwaketisha nyuma ya rafu, akasoma kwa sauti ya chini, mkono juu ya bilauri ya maji, mpaka maji yakaanza kutetema.

"Uliingiaje kwa huyu mama?" akauliza.

Kinywa cha Wanjira kilijibu. "Sikuingia. Aliuliza, nikajibu. Akapenda."

"Na sasa umeshikilia wapi?"

Kikacheka, kicheko cha Wanjira mwenyewe, kile cha harusini. Muigai akafunika uso.

Mzee Ebrahim aliweka bilauri chini. "Mama, kuna neno amelisema kwa kinywa chako nawe ukaliacha lisimame. Nitasoma, lakini yeye amesimama juu ya neno hilo. Liondoe mbele ya waliolisikia."

Wanjira alilia kwa aibu. Kumwogopa jini kulikuwa rahisi kuliko kumwogopa Becky.

Hata hivyo alikwenda. Becky aliitwa, na metroni alipenda Mwalimu Peres naye awepo. Wanjira alisimama katikati ya ofisi.

"Becky aliniambia," alianza.

"Sikuambiwa," sauti yake ikasema kutoka kwenye korido.

Kalamu ilimponyoka metroni. Wote walikuwa wakikitazama kinywa cha Wanjira, na kilikuwa kimefumba.

"Aliniambia habari ya bega na ya presha. Nikampuuza. Kisha nikamwacha aadhibiwe."

"Sikuambiwa, sikuambiwa," ikakaribia mlangoni, ikapanda, kitasa kikazunguka chenyewe, harufu ikawakaba wote koo. Mwalimu Peres akamshika Becky mkono. Na Wanjira akaendelea kusema juu ya sauti yake, kosa lake lote, mpaka ile nyingine ikawa kama mtoto anayelia mbali, na mwisho ikakatika.

Alivuliwa usimamizi, akarudishwa kufanya zamu kama wengine. Becky alirudi kazini, hakumsemesha.

Aliyebaki alikuwa Syokimau, ambaye bado alikuwa amelazwa. Wanjira aliketi kando yake akamweleza yote, hata jini. Syokimau alisikiliza akiangalia ukuta.

"Niliwasikia," alisema. "Mlikuwa wawili hapo, sauti moja. Mmoja akasema ni gesi. Mwingine akasema, mwite daktari, huyu mama anaenda. Na wewe ukamwambia huyo, nyamaza."

"Nilimwambia nani?"

"Si huyo wa gesi. Huyo mwingine, alikuwa anaongea kama mtu ameogopa. Huyo ndiye alikuwa wewe."

Wanjira alikumbuka. Aliinama mpaka paji la uso likagusa ukingo wa kitanda, na Syokimau hakumwinua.

Wiki iliyofuata, mgonjwa mpya alimlalamikia tumbo. Wanjira alimpima, akajiuliza anajua nini na anadhania nini, akangoja. Hakuna aliyejibu, wala wa uhakika wala wa woga. Kimya kitupu, kama nyumba iliyohamwa. Akatoka koridoni.

"Becky," alisema. "Tafadhali njoo unitazamie. Sijui."

Becky alimalizia kukunja shuka aliyokuwa nayo, akachukua nyingine, akaikunja pia. Kisha akaja.