Meneja Agoma Kula

Kila siku saa tisa na nusu Kitinda alirudi kutoka shule, akampa shikamoo mama yake aliyekuwa ameinama juu ya meza ya kupigia pasi, kisha akapita moja kwa moja hadi nyuma ya duka kumwona Meneja. Kwanza Meneja, ndipo kuvua sare, ndipo chakula. Mama, ambaye alikuwa dobi na mtu wa kupenda mambo yapangwe, alishachoka kumkemea.

Meneja alikuwa mjusi. Si yule mdogo wa kukimbia ukutani, la hasha. Huyu alikuwa na urefu wa mkono wa mtoto, ngozi ya rangi ya vumbi na kidevu chenye miiba laini. Kaka yake Kitinda ndiye aliyempa jina, kwa kuwa mjusi huyo alishinda juu ya jiwe lake bila kufanya lolote ila kuwaangalia wengine wakifanya kazi. Hata jina la Kitinda lilitoka kwa huyo huyo kaka. Alilifupisha kutoka kitindamimba, na nyumba nzima ikalifuata.

Kaka alipokwenda kusoma chuo cha ufundi, mji wa mbali, alimkabidhi dada yake sanduku la Meneja lenye kioo upande mmoja.

"Nakuachia wewe kwa sababu nakuamini," alisema. "Lakini ukiona umeshindwa, sema tu. Nitamwambia rafiki yangu wa mtaa wa pili aje amchukue."

Aliyasema kwa wema, lakini Kitinda alisikia jambo moja tu: Meneja anaweza kuchukuliwa. Akichukuliwa, atabaki na nani? Chumba walicholala wawili sasa alilala peke yake, akitazama kitanda kitupu upande wa pili. Mama alipiga pasi mpaka jioni, na akimaliza hana nguvu hata ya maneno. Shuleni, msichana aliyekuwa akikaa naye dawati moja alikuwa amehama. Basi habari zote za siku Kitinda alimsimulia mjusi, ambaye angalau alifumbua jicho moja na kusikiliza.

Kipupwe kilipoingia, Meneja akaacha kula. Panzi alitembea mbele ya pua yake, naye akamwangalia kama barua isiyomhusu. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Alilala tu kwenye kona yenye giza.

"Mama, Meneja anasikia baridi," Kitinda alisema. Hakusema kwamba hali chakula.

"Mlete huku," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Hakuna baridi iliyoshinda joto la pasi."

Dobi, ukimpa ugonjwa wowote, dawa yake ni pasi. Wakaliweka sanduku kwenye rafu iliyo juu ya meza, mahali ambapo mvuke ulipanda kutwa nzima. Meneja akafumbua macho, akatembea, hata akapanda jiwe lake. Kitinda akafurahi. Jioni pasi zilipozimwa, alilibeba sanduku hadi chumbani, chumba baridi kama kisima, na asubuhi akalirudisha. Ikawa ndiyo desturi. Lakini kula, Meneja hakula.

Alhamisi kaka akapiga simu. "Meneja anakula?"

Neno la kweli lilikuwa mdomoni. Kitinda akalimeza. "Anakula."

Alhamisi iliyofuata kaka akauliza, "Amekula panzi wangapi leo?"

"Watatu."

"Watatu na baridi hii? Huyo atatufilisi," kaka akasema, akicheka. Kitinda naye akacheka.

Alhamisi ya tatu kaka akaomba picha. Kitinda akachukua simu ya mama, akatafuta picha ya zamani, ya siku za joto, Meneja akiwa na panzi mdomoni, akaituma. Kesho yake kaka akajibu kwamba ameionyesha darasa zima. Usiku huo Kitinda hakuweza kumtazama mjusi usoni.

Mbavu za Meneja sasa zilihesabika. Kitinda akaona maji yamemfika shingoni. Akachemsha yai, akalisaga, akamfungua Meneja mdomo kwa ncha ya kijiko na kumlisha kidogo kidogo. Asubuhi alikuta yai lote limetapikwa, linanuka, na Meneja amelala ubavu, miguu imelegea. Akamgusa. Hakufumbua jicho.

Alikwenda dukani amekumbatia sanduku. "Mama, Meneja hali chakula."

"Tangu lini?"

"Tangu kipupwe kianze. Hii ni wiki ya nne."

Mama akaisimamisha pasi. "Na kaka yako anajua?"

Kitinda akatazama sakafu, machozi yakadondoka juu ya viatu vya shule. Mama hakumgombeza. Alizima pasi zote mbili, saa mbili asubuhi, nguo za watu zikiwa zimerundikana, akafunga duka na kumshika mkono.

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na vidole vya haraka. Alimpima Meneja, akambonyeza tumbo, akamdondoshea maji mdomoni. "Mchana anakaa wapi?"

"Juu ya meza ya pasi," Kitinda akajibu.

"Na usiku?"

"Chumbani."

"Chumbani kuna joto?"

"Hakuna," Kitinda akasema, kisha akamweleza habari za yai na za kaka aliyemwachia Meneja.

Daktari akatikisa kichwa. "Mwenzenu alitaka kulala. Mijusi wa aina hii, wakiwa wanene na wazima, hulala majira ya baridi. Hawali, na hawafi. Ninyi mmemwamsha kila asubuhi kwa joto, na kumgandisha kila usiku. Akiamka hutumia nguvu, naye hana cha kuzirudisha. Na hilo yai, tumbo la mjusi bila joto haliwezi kuliyeyusha. Linaoza humo humo."

Mama akashusha pumzi. "Rafu ile ilikuwa shauri langu."

"Aliyemlea kabla yako alifanyaje kipupwe kilichopita?" daktari akamwuliza Kitinda.

"Sijui."

"Hukumwuliza?"

Swali hilo lilimchoma kuliko kofi. Daktari alieleza kwamba Meneja amekonda mno kuachwa alale, lazima apate joto mfululizo: taa mchana, chupa za maji moto zilizoviringishwa taulo usiku, maji ya uvuguvugu mara mbili kwa siku. Kisha akampa Kitinda daftari dogo. "Kila asubuhi mpime uzito, uandike. Andika inachosema mizani, si unachotaka iseme."

Kitinda hakungoja Alhamisi. Jioni hiyo alipiga moyo konde, akampigia kaka na kumweleza yote.

Kaka aliuliza, "Na ile picha?"

"Ya zamani."

"Nimeionyesha darasa zima, Kitinda." Kisha akasema, "Mwaka jana alilala wiki nane. Nilimweka kabatini kule nyuma ya duka, ambako wewe hukuwa ukienda, na kumwachia maji, basi. Niliondoka wakati wa joto, sikukumbuka kukueleza, na hilo ni kosa langu. Lakini ungeniambia siku ya kwanza, ningekujibu kwa dakika moja."

"Utamwambia rafiki yako aje kumchukua?"

"Nimekasirika, sikufichi. Lakini daktari kakupa daftari wewe. Utanisomea kila jioni."

Akasoma kila jioni. Gramu mia mbili na kumi. Mia mbili na nane. Mia mbili na nane tena. Mia mbili na saba, na hiyo alitamani kuiruka, lakini aliisoma. Usiku aliamka kubadilisha chupa. Mara nyingine alimkuta mama ameshatangulia. Siku ya tisa Meneja alimtazama panzi kwa muda, akainua kichwa, akamnyakua. Kitinda alikaa chini sakafuni akalia.

Jioni ile mama alikuja kuketi kwenye kile kitanda kitupu. "Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Uliogopa Meneja atachukuliwa, ukaficha, na kifo kikataka kumchukua. Nusura atutoke, ilhali tupo watu watatu tunaompenda. Mtu hawezi kukusaidia kwa jambo usilomwambia, mwanangu." Akanyoosha shuka kwa kiganja, kama afanyavyo dobi. "Kuna kingine unachoficha?"

Kitinda alifikiri kusema hapana. "Nina upweke, mama. Tangu kaka aondoke sina wa kuzungumza naye ila mjusi."

Mama akamsogelea. "Mimi nami kila Alhamisi namwambia kaka yako kwamba hapa tuko sawa," alisema. "Hatuko sawa. Nami namkumbuka. Na nyumba hii imenyamaza mno."

Kesho yake Kitinda aliporudi kutoka shule alikuta kigoda kimewekwa kando ya meza ya pasi. "Kaa hapo," mama akamwambia. "Nianze mimi kusikia habari za leo, huyo mjusi atangoja."