Seva ya Akiba Hailipi Nauli

Foleni ya kuingia katika jengo lile la Kimathi Street ilikwama kwa sababu ya sanduku moja bapa la chuma. Aliyelibeba alikuwa kijana mrefu, shati la samawati limepigwa pasi hadi likawa na makali, na harufu ya udi imemtangulia mpaka mlangoni.

"Hii TV unapeleka wapi?" aliuliza Jamleck, soja wa mlangoni.

"Si TV, ndugu yangu. Ni seva. Naipeleka orofa ya sita."

"Skrini yake iko wapi?"

"Haina."

"Basi iwashe tuone."

Hiyo ndiyo desturi ya jengo lile. Mashine ikiingia inaandikwa namba, inawashwa, na jina la mwenyewe linawekwa kando yake. Bila hivyo haiingii, na ikishaingia, haitoki bila sahihi ya mwenyewe.

Nyuma ya kijana alisimama Mukai, rinda la manjano na raba nyeupe, amechelewa kazini na ameamua kutoficha.

"Soja, mwache apite," alisema. "Hiyo kitu ukiiwasha hapa utadhani posho mill ya kusaga unga imefunguliwa ndani ya lifti."

"Madam, kwani wewe unaijua?"

"Naijua kuliko bwana yangu."

"Una bwana?" Swali hilo halikutoka kwa Jamleck. Lilitoka kwa mwenye sanduku, naye alionekana kushtuka kuliko mtu yeyote kwamba lilikuwa limemtoka.

Foleni nzima ilicheka. Mukai akamtazama kuanzia viatu kwenda juu, polepole, kama anayekagua nyanya sokoni.

"Sina. Ndiyo maana nimepata wakati wa kujua seva."

Jamleck hakuwa mtu wa mapenzi saa mbili asubuhi. "Sawa. Kama unaijua, nawaandika wote wawili. Ikipotea, nashika nyinyi wote. Na ikitoka, inatoka na sahihi ya wote."

Mukai alitia sahihi akicheka. Kijana naye akaandika: Muzammil Abdalla.

Kwenye lifti alimwambia, "Dada, umeniokoa."

"Dada ni wa kwenu. Mimi naitwa Mukai."

Muzammil alikuwa mtu wa Pwani kwa wazazi na wa Pangani ya hapa hapa mjini kwa kuzaliwa, na alikuwa amehamishwa juzi tu kutoka kuuza kamera za ulinzi. Bosi wake, Zuhair, alimwambia kamera zimejaa mjini, sasa auze mitambo ya kusimamia mitandao ya faiba. Seva ile aliiazimisha kampuni ya bima orofa ya sita waijaribu. Kilichobaki kilikuwa kidogo tu: kuelewa alichokuwa anauza.

Mukai alikuwa akielewa. Kazi yake, orofa ya tatu, ilikuwa kupanga mtandao wa faiba wa kampuni yake utasimamiwa na mashine gani na kwa leseni ngapi. Basi jioni moja wakakaa mkahawani Adams Arcade, sahani ya bhajia katikati yao na ukwaju pembeni, Mukai akafungua shule.

"Hivi vikombe ni vituo," alisema, akivipanga mezani. "Kimoja Westlands, kimoja Muthangari karibu na kwangu, kimoja hapa. Mwanga unatoka hiki unaenda kile. Sasa kikizima kimoja, nani atajua?"

"Mwenye chai."

"Seva itajua. Seva ndiyo inaviangalia vyote. Na kila kituo inachokiangalia, unakinunulia leseni. Leseni yenyewe inafungwa kwa hiyo seva moja. Si ya kuhamahama."

"Kama ndoa."

"Kama ndoa za kwenu ama za kwetu?"

"Laazizi, usinichokoze na bhajia mdomoni." Alimeza. "Na ile seva ya pili, ya akiba? Ile inayongoja ya kwanza ife. Nayo inanunuliwa leseni?"

Mukai akaweka uso wa mwalimu mkuu. "Akiba imelala. Wewe umewahi kuona abiria amelala akilipa nauli?"

Ulikuwa mzaha. Katika kazi yao kila mtu anajua aliyelala hulipa sawa na aliye macho, kwa sababu siku akiamka bila leseni anaamka kipofu. Mukai alitaka kumwambia, kicheko kilikuwa tayari kooni, lakini Muzammil akamwegemea na kusema taratibu, "Unajua ukizungumzia seva uso wako huwaka?" Hapo somo likaisha. Mukai alisahau bhajia, akasahau na abiria.

Miezi ikapita namna hiyo. Simu za asubuhi, simu za jioni, simu za kuulizana kama ile simu ya awali iliisha vizuri.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Muza, wewe ni mpenzi ama ni daktari wa kisukari?"

Mama yake Mukai, kule Machakos, alikuwa hajaambiwa kitu kuhusu kijana Mwislamu. Mama yake Muzammil aliambiwa, na kesho yake akasema huyo msichana aletwe Jumapili ale. Kwa mama yule, kumpikia mtu ni nusu ya kumkubali.

Ijumaa kabla ya Jumapili hiyo, Bwana Ngui, mkuu wake Mukai, alimwita ofisini.

"Ule mpango wako wa seva na leseni umepitishwa. Tenda zimeshaletwa. Wewe uko kwenye kamati ya kuzichagua. Gari liko chini."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Tunaenda kufungiwa Kitisuru mpaka tumalize. Hakuna kumwambia mtu unakwenda wapi wala kufanya nini. Hata mama yako."

Wavinya, katibu wa kamati, alisimama mbele yake na kikapu cha chapati kilichojaa simu za wenzake. Mukai akaandika haraka haraka: *Sitaweza kuja Jumapili. Tutaongea.* Aliyasoma maneno hayo akaona yana baridi kama sakafu ya bafu. Alipotaka kuongeza lingine, Wavinya alishaishika ile simu.

"Pole, dada. Ukimaliza utamwambia vizuri."

"Nani?"

"Huyo unayemwandikia na jasho."

Nyumba ya wageni ya Kitisuru ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomkera. Ua la miiba ya kaiyaba refu kuliko mtu, waya za stima juu yake zikinong'ona, geti la chuma lisiloonyesha hata tundu la barabara. Ndani kulikuwa na keki, matunda, vitanda vipana. Mukai alitembea kutoka ua mpaka ua kama kuku aliyenunuliwa kwa ajili ya sherehe: analishwa vizuri lakini haambiwi lini. Jumapili mchana, mpishi alipopakua pilau bila kujua siku hiyo Mukai angekula wapi, alisukuma sahani akasema tumbo linauma.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi ya kufungua bahasha kuanza, Bwana Ngui aliuliza kama ilivyo ada, "Kuna mwenye uhusiano na kampuni yoyote iliyoleta tenda?"

"Hakuna," wakajibu wote kwa pamoja kama watu wanaosema amina. Bahasha zilikuwa bado zimefungwa. Mukai alijibu nao, ingawa hakuwa na uhakika kama ya kampuni ya Zuhair haimo.

Bahasha ya mwisho siku hiyo ilikuwa ya kampuni ya Zuhair. Mukai aliijua kabla ya kuona sahihi, kwa sababu katika mchoro wa mtandao kila kituo kilichorwa kikombe cha chai. Westlands kikombe, Muthangari kikombe. Kile cha Adams Arcade kilikuwa kinatoa mvuke.

Ilikuwa kazi safi. Ya bei nzuri, yenye akili, safi kuliko zote. Mpaka chini, kando ya seva ya pili, palipoandikwa: *Akiba. Haihitaji leseni.*

Kanyiva, mhasibu wa kamati, aligonga meza kwa kalamu. "Huyu angeshinda. Lakini si hapa ameacha kitu? Mukai, wewe ndiye fundi. Kuna namna seva ya akiba ikakaa bila leseni?"

Macho yote yakamgeukia. Neno moja tu lilitakiwa. Akisema ipo namna, Muzammil anapita, na hakuna hata mmoja mezani angejua ni uongo. Akisema haipo, anamwangusha kwa mzaha wake mwenyewe. Na lolote atakalochagua, atamficha Muzammil hilo kwenye kila kikombe watakachokunywa.

"Nipeni mpaka kesho niangalie," alisema.

Alikwenda akasimama kwenye ua. Ndege wadogo, kwerea, walikuwa wanaingia na kutoka kwenye miiba wanavyotaka. Mpango ule wa seva ulikuwa wake. Alikuwa ameupigania mbele ya watu waliotaka mashine ndogo ya bei ya chini, akauandika upya mpaka wakachoka kumkatalia. Mwenye kuuchagulia mashine ndiye angeusimamia; akijitoa kwenye kamati, anaupoteza. Na sasa ulikuwa umemgeukia ukawa kufuli.

Asubuhi Bwana Ngui hakuinua hata macho kutoka kwenye chai. "Kuna mwenye uhusiano na kampuni yoyote?"

"Hakuna."

"Hakuna."

"Yuko," alisema Mukai.

Kijiko kikasimama ndani ya kikombe. "Na nani?"

"Na aliyeandika ile ya vikombe. Jana asubuhi sikujua kama wameleta. Nilipoiona nilijua, na nikanyamaza. Nisiulizwe kitu chochote kuihusu."

"Uhusiano wa aina gani? Mmesoma pamoja? Ni jirani?"

"Wa kupendana, Bwana Mwenyekiti."

Wavinya aliinua kalamu. "Niandike hivyo hivyo?"

"Andika hivyo hivyo," alisema Mukai. "Andika nampenda, ili mtu asiniulize tena."

Bwana Ngui alisukuma kikombe pembeni. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa utaratibu, na watu wa utaratibu huumiza wakiwa wanyoofu. "Unatoka kwenye kamati. Na kwenye mradi wenyewe pia, mpaka mwisho. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Na kilicho ndani ya bahasha hukisemi mpaka matokeo yatoke."

"Naelewa."

Kwenye geti alirudishiwa simu. Kulikuwa na ujumbe mmoja tu wa Muzammil, wa Jumapili: *Mama alikaa na sahani yako mpaka ikapoa. Kama ni mama yako amekataa, ungesema tu. Mimi si mtoto.*

Akapiga. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena akiwa ndani ya teksi, akapiga tena akiwa kwake Muthangari, amekaa kitandani na viatu. Mara ya mwisho mtu alishika.

"Muza, sikiliza. Si mama yangu. Nilikuwa mahali siwezi kusema, na sababu siwezi kusema."

"Kwa hivyo umepiga kunieleza kwamba hutanieleza."

"Kwa sasa."

"Mukai, mimi huwa nacheka na utani wako wote. Huu sijauelewa." Akakata.

Tangu hapo Mukai alirudishwa chumba cha mitambo, orofa ya tatu, chumba kisicho na dirisha, akihesabu nyaya chini ya baridi ya mashine. Matokeo yalitangazwa. Kampuni nyingine ilishinda. Aliyasoma kwenye ubao akiwa peke yake, akampigia Muzammil, hakushika, kisha akarudi kwenye nyaya zake.

Juma lililofuata simu ya ukutani ikalia. Ilikuwa Jamleck.

"Madam, shuka. Kuna mtu hapa na ile TV yenu. Anataka kutoka, namwambia haitoki. Iliingia na sahihi mbili."

Muzammil alikuwa amesimama katikati ya mlango, seva mikononi, watu wakimpita huku na huku wakimlaumu. Shati halikuwa limepigwa pasi. Hakumtazama.

"Weka sahihi, tafadhali. Mkono unauma."

"Iweke chini."

"Nikiiweka chini nitakaa. Sitaki kukaa." Halafu, kama mtu aliyejizuia hadi akashindwa, "Tumeangushwa na leseni ya akiba. Zuhair ameniita mbele ya ofisi nzima. Na unajua nani aliniambia akiba hailipi?"

"Mimi. Ulikuwa mzaha, Muza. Nilitaka kukwambia, na wewe ukaanza habari ya uso wangu kuwaka."

Akaiweka chini seva. "Na nimesikia ulikuwa kwenye kamati."

"Nilikuwa. Ndiyo maana Jumapili sikuja."

"Uliiona karatasi yangu."

"Niliona mpaka mvuke wa kikombe."

"Na hukusema kitu."

"Ningeweza kudanganya, ukapita. Hakuna angejua. Nikasimama nikasema nakupenda, wakanitoa. Wameandika hivyo kwenye kumbukumbu za kikao, kampuni nzima imesoma. Mpango wangu amepewa mtu mwingine. Sasa nahesabu waya."

Muzammil alimtazama kwa mara ya kwanza. Rinda lilikuwa lile lile la manjano, na vumbi la chumba cha mitambo kifuani.

"Ulisema mbele ya watu wote?"

"Mbele ya mhasibu."

Kicheko kilimponyoka bila kutaka. Akakikamata, akafuta uso kwa kiganja. "Nikikuuliza kitu, utanijibu bila utani? Maana utani wako unanigharimu."

"Uliza."

"Utaolewa na mimi?"

Foleni ilikuwa imeshajaa mpaka barabarani. Mukai alikuwa na majibu kumi tayari, yote ya kuchekesha. Aliyaacha yote.

"Ndiyo."

"Na mama yako?"

"Hiyo ni kamati nyingine. Kwanza nipeleke kwa wako, nikamwombe radhi ya ile sahani."

"Atakupakulia mbili."

"Nitakula zote."

Jamleck aligonga meza kwa kalamu. "Nimesikia, nimekubali, hongera. Sasa wekeni sahihi zote mbili ama mtoe hiyo TV mlangoni, watu wanaenda kazini."