Shavu Lisilokataa

Ganzi ya daktari wa meno ilipaswa kuisha baada ya muda wa saa tatu. Siku ya tatu, shavu la kushoto la mshonaji lilikuwa bado limekufa. Alilifinya, ilikuwa kama kufinya unga uliokandwa.

"Shavu lako limechukua likizo bila ruhusa," wifi yake alimtania, huku akimfuta mtoto wa mshonaji uji shavuni kwa kitambaa.

Mshonaji hakucheka. Alikuwa amekihisi kile kitambaa, unyevu wake na mkwaruzo wake, kwenye shavu lake lililokufa.

Alirudi kwa daktari.

"Usiogope, dada. Tukimwona mtu anaguswa, ubongo huuiga mguso ule kana kwamba ni wetu. Ngozi ndiyo hukataa, ikasema: si mimi. Yako imelala, haikatai kitu. Itaamka tu."

Haikuamka. Mumewe alipombusu mtoto, yeye alihisi midomo. Lakini mtoto mwenyewe, wa miezi tisa, alipompapasa mama yake shavuni, mama hakuhisi kitu.

"Mwanangu ananigusa, na mimi sipo," alimnong'oneza mumewe.

Wiki ya pili, mchana kweupe, alisikia harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi, ikitoka shavuni mwake. Mtoto alikuwa mapajani, kiganja kikiwa shavuni mwa mama, akicheka. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu ndani ya shavu kitu kilijisogeza kukilaki kile kiganja, kama paka anayesukuma kichwa apapaswe, kikakifuata kutoka taya hadi sikio na kurudi, na mama, ambaye hakuhisi lolote, alikiona kwenye kioo cha kabati kikituna chini ya vidole vya mwanawe, taratibu, kwa raha.

Mumewe akampeleka kwa mganga, mama mmoja aliyewahi kuwa muuguzi.

"Daktari hakukudanganya, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Ila nyumba isiyo na wa kusema hapana, mgeni hapigi hodi. Jini hili linakula miguso ya mtoto wako."

Alifukiza, akasoma, akamchoma shavuni kwa sindano. Mara saba, kimya. Ya nane, mshonaji akapiga yowe.

"Limetoka. Lakini bado linakuzunguka, linatafuta pa kuingia. Usiguswe na mtu mpaka jua lizame. Hasa huyo mdogo."

Alifika nyumbani saa tisa alasiri. Mtoto, mikononi mwa shangazi yake, yule wifi, alimnyooshea mikono na kulia.

"Mara moja tu," mshonaji alisema.

"Wifi, kaka kanipigia simu, mganga kasema..."

"Nimesikia alichosema. Wiki mbili, wifi. Wiki mbili sijamhisi mwanangu."

Akainama. Vidole vitano vikamgusa shavuni, vya moto, vinavyonata uji. Alikihisi kila kimoja, akalia kwa furaha.

Kisha mkono ule mdogo ukateleza, ukaning'inia.

Wifi, kwa wasiwasi, alikuwa akijikuna kiganja. Mtoto alikitazama kiganja kile, akacheka kama anayetekenywa.

"Wifi," mshonaji alinong'ona, "acha kujikuna."

Wifi akaacha. Mtoto naye akanyamaza.

Mshonaji akachomoa pini kwenye ukosi wa gauni lake, akaushika ule mkono uliolegea, akamchoma mwanawe kwenye ncha ya kidole. Tone la damu likajitokeza, jekundu, dogo kama kichwa cha pini.

Mtoto hakushtuka. Hata hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye kiganja cha shangazi yake, yakisubiri.