Mayai Matano ya Lalla Friha

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Widad alitoka uani na majani ya saladi na maganda ya tikiti. Aligonga sakafu kwa kidole mara tatu, naye Lalla Friha, kobe wa nyumba, akachomoza kichwa nyuma ya chungu cha asumini na kuja kwa mwendo wa bibi harusi. Katika nyumba hiyo ya mjini Nabeul, kobe huyo alikuwa mwenyeji kuliko watu wengi. Bibi Mannubia, bibi yake Widad, alimkuta humo siku alipoolewa. Lakini kwa miaka mitano sasa aliyemlisha ni Widad, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, na moyoni alikwisha kumfanya wake.

Mwezi wa Juni akaja Shiraz, binti wa shangazi yake, kutoka mji wa Sfax, kukaa likizo nzima. Siku ya pili tu, baada ya chakula cha mchana, wakati watu wote wamejilaza kukwepa jua, Shiraz alikosa usingizi akatoka uani. Akamkuta Lalla Friha chini ya mlimau, amefukua shimo kwa miguu ya nyuma, anataga. Mayai yalikuwa meupe, madogo kuliko ya kuku, nayo yalifika matano.

Hakuna aliyeuliza baba yao ni nani. Kobe dume wa Bi Saluha, jirani wa mlango wa pili, alikuwa amepitisha majira yote ya kuchipua uani pale kana kwamba analipa kodi.

Nyumba hiyo ilikuwa na desturi yake: aliyeiona kwanza tini iliyoiva ndiye aliyeichuma. Bibi aliipitisha desturi hiyo hiyo kwenye mayai. "Aliyeyaona ndiye atakayeyalea," alisema, na Bibi akishasema, mjadala umekwisha. Widad aliamka na alama za mto shavuni, akakuta kila kitu kimeamuliwa. Miaka mitano ya saladi na tikiti ikashindwa na usingizi wa saa moja. Roho ilimuuma kweli kweli.

Ubaya zaidi ni kwamba Shiraz aliijua kazi. Baba yake aliwahi kutotoa mayai ya kobe, naye alikuwa akimsaidia. Aliomba boksi jeupe la muuza samaki, akaliosha, akatia mchanga mkavu, kikombe cha maji, taa ndogo ya kupasha joto na kipimajoto. Akaliweka stoo, karibu na mitungi ya zeituni. Kabla ya kuyahamisha mayai alichora msalaba mdogo wa penseli juu ya kila yai. Alieleza kuwa kuku huyageuza mayai yake kila siku, lakini yai la kobe likigeuzwa, kiumbe kilichojishika ndani huzama na kufa. Msalaba ulioko juu lazima ubaki juu mpaka mwisho.

Widad alinyoosha mkono apate kugusa mchanga tu.

"Acha, Widad," Shiraz alisema. "Wewe una mkono mzito. Juzi tu umevunja birika."

Ilikuwa kweli, birika lilivunjika, na ndiyo maana maneno hayo yalimchoma zaidi. Tangu siku hiyo kila kitu cha Shiraz kilimkera: jinsi alivyocheka, alivyosuka nywele, hata alivyomenya chungwa. Wageni wakija, Bibi aliwaongoza stoo wakamwone "mkunga wetu kutoka Sfax". Mama yake Widad naye, akirudi jioni kutoka duka la vyungu, aliuliza habari za mayai kabla ya kuuliza habari za bintiye. Widad alinuna mpaka uso ukachoka.

Juma la tatu, Shiraz alizima taa ya stoo, akaweka tochi ya simu ubavuni mwa kila yai bila kuliinua. Ndani ya mayai yote ikaonekana mishipa myembamba myekundu. Bi Saluha, aliyekuwa ameleta sahani ya vileja vya tende, alichungulia naye akafurahi kupita kiasi.

"Yote matano yana uhai!" alisema. "Sijaona mayai mazuri namna hii."

Bibi alingoja. Alingoja aseme mashallah, kama kila mtu anavyosema akisifu mali ya mwenzake. Bi Saluha, kwa furaha yake, alisahau. Bibi aliutazama mkono wa shaba uliotundikwa mlangoni kuzuia jicho baya.

Siku ya pili yake, saa ya kujilaza, Widad aliingia stoo peke yake. Angeulizwa anataka nini, angesema anakwenda kutazama. Lakini alipofungua kifuniko na kuiona ile misalaba mitano, iliyochorwa kwa uangalifu wa mtu anayesifiwa kila siku, kijicho kilimpanda. Aligeuza yai la kwanza. Akageuza la pili, akageuza la tatu. Hapo akasikia ndara za Bibi ukumbini. Akayarudisha haraka, misalaba ikawa juu tena. Ukiyatazama, usingejua kitu.

Majuma mawili yakapita, Widad akijiambia kuwa labda Shiraz hutia chumvi. Kisha Shiraz akamulika tena. Mayai mawili yalikuwa yamejaa kivuli, na ndani yake kitu kilitikisika. Matatu yalikuwa yamefifia, mishipa imepotea. Shiraz aliyamulika mara ya pili, mara ya tatu, kisha akakaa chini kando ya mitungi na kulia. Alisema ni kosa lake, huenda alizidisha joto, na kwamba baba yake asingekosea hivyo.

Widad alikuwa ametamani kuyaona machozi hayo kwa zaidi ya mwezi. Sasa alipoyaona hayakumpa raha hata kidogo.

"Nyamaza, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Si joto. Ni jicho. Na mwenye jicho namjua."

Akafukiza ubani stoo nzima. Kisha akaichukua ile sahani ya Bi Saluha, akaipangusa na kumpa Widad airudishe. Widad aliitazama, ilikuwa tupu. Tangu azaliwe hakuwahi kuona sahani ya jirani inarudi tupu. Hata wakikosa kitu, walitia ndimu mbili au kitawi cha asumini. Sahani tupu ilikuwa na maana moja: usitukanyagie tena mlango.

Bi Saluha alifungua akiwa na unga mikononi. Aliipokea sahani, akaigeuza kidogo kama anayetafuta kilichodondoka. Tabasamu lilimwisha usoni.

"Bibi yako mzima?" aliuliza.

"Mzima, Bi Saluha."

"Haya. Msalimie." Akaufunga mlango polepole.

Widad alibaki barabarani na mikono mitupu, akihisi aibu inampanda mpaka masikioni. Mwanamke yule aliishi peke yake na kobe wake, na mlango wake pekee wa kubisha hodi ulikuwa wa Bibi. Aliposhika njia ya kurudi alikuwa anakimbia.

"Si jicho lake, Bibi," alisema akihema, mbele ya Shiraz. "Ni mkono wangu. Niliyageuza mayai matatu, kisha nikayarudisha. Nilimwonea Shiraz wivu."

Shiraz alinyanyuka akatoka nje bila kumtazama. Bibi alishusha pumzi.

"Mimi nimetundika mkono mlangoni unilinde na jicho la jirani," alisema, "kumbe hasara imetoka ndani, nami nimemtukana mtu bure. Wewe umekosa, na mimi nimekosa. Lete unga na tende. Vileja utavipika wewe, na maneno tutakwenda kuyasema pamoja."

Viliungua upande mmoja, lakini sahani ilijaa. Mlangoni kwa Bi Saluha, Widad alisema yote bila kupunguza, na Bibi akaomba radhi kwa ulimi wake mwenyewe. Bi Saluha alilia kidogo, akala kileja kimoja, akasema afadhali vimeungua, vitadumu.

Shiraz hakusamehe upesi. Siku tisa hakuzungumza na Widad ila kuomba chumvi. Siku ya kumi alimpa kipimajoto. "Zamu yako ni saa ya kujilaza," alisema. "Mimi nalala." Widad hakukosa hata siku moja.

Mwisho wa Agosti, akiwa zamu, alisikia mkwaruzo mdogo ndani ya boksi. Mkono ulifika kwenye kifuniko, ukasimama. Aliyeona kwanza ndiye mwenye kulea. Watu wote walikuwa wamelala, na hakuna ambaye angejua. Widad aliurudisha mkono, akakimbia chumbani.

"Shiraz, amka. Sijafungua. Njoo uone wewe kwanza."

Shiraz alimtazama, akamshika mkono, wakafungua pamoja. Pua ndogo ilikuwa imetoboa ganda. Kufika jioni kobe wawili, wadogo kama kokwa za jozi, walikuwa wakitambaa mchangani.

Bi Saluha alipoitwa, alisimama mlangoni mwa stoo amejifunika macho kwa mtandio.

"Ondoa mtandio, jirani," Bibi alisema. "Tazama mpaka uchoke. Mmoja ni wako, maana baba yao ni wa kwako." Kisha akawageukia wasichana. "Wivu humjia kila mtu, hata mimi huwa nao. Kuuhisi si dhambi. Ila ukikupanda, useme mapema, kabla haujashuka mikononi. Wivu ukishafanya kazi yake, kuna vinavyorudishwa, na kuna visivyorudishwa."

Widad aliyatazama mayai matatu yaliyobaki, ambayo Shiraz alikuwa ameyaweka kando. Misalaba yake ilikuwa bado juu. Aliyachukua moja moja, akayazika chini ya mlimau, pale pale Lalla Friha alipoyataga.