Tende ya Hajati Inshirah

Jengo letu hapa Tanta, Misri, halikosi wageni. Shahira alipojifungua binti, Rokaya, tulijaa sebuleni kwake. Tulikunywa mughati, kinywaji cha moto cha uzazi chenye samli, na kuwasema wote ambao hawakuja. Mama mkwe wake, Hajati Inshirah, alitafuna tende, kisha akampaka mtoto kinywani kwa kidole. Watoto wote wa ukoo ule wamepakwa hivyo. Siku hiyo Hajati alikuwa na malengelenge mdomoni.

"Hajati, nani kakung'ata?" tulimtania.

"Ndimi zenu!" akajibu. Tukacheka.

Hazikupita siku nyingi, Rokaya akakataa ziwa. Mwili ukawa moto, kisha ukalegea. Shahira hakungoja ushauri wa mtu. Alimkimbiza hospitali, na Dokta Nirmin akamwekea dawa ya virusi kwenye mshipa.

"Umewahi, mama," alisema. "Ni kirusi cha malengelenge ya mdomo. Kwa mtu mzima ni karaha tu. Kwa mtoto mchanga kinaua."

Kwa uchovu wa wodini, Shahira naye akatokwa na malengelenge mdomoni. Hajati akayaona.

"Kumbe ni wewe! Tukitoka hapa mtoto namlea mimi. Atakunywa maziwa ya kopo."

"Mama, ngoja kwanza," alisema Metwalli, mume wa Shahira.

"Ningoje nini? Mpaka amuue?"

Shahira alilia. "Dokta, ni mimi kweli? Nitanyang'anywa mwanangu?"

"Tusibahatishe," alisema dokta. "Maabara ya chuo inachunguza virusi hivi. Mkikubali, tutapangusa midomo yenu, wewe na Hajati, kwa pamba, tulinganishe na kirusi cha mtoto."

Wakakubali. Rokaya alikuwa ameanza kunyonya tena majibu yalipokuja.

"Wote mna kirusi cha jamii moja," dokta alieleza. "Lakini kwenye vinasaba vyake kuna sehemu ambako kipande kilekile kinajirudia. Ni kama bamia mnazotunga kwenye uzi mkizikausha. Uzi wa nyumba hii una bamia chache, wa nyumba ile una nyingi. Tumelinganisha sehemu kadhaa. Kirusi cha Rokaya si cha mama yake. Kinafanana na chako, Hajati."

"Changu? Mimi nilimpa tende tu!"

"Tende haina kosa. Ilitoka kwenye mdomo wenye kidonda. Hata bila kidonda, kirusi kinaweza kuwa kwenye mate. Safari nyingine ponda tende kwa kijiko safi, uilainishe kwa maji yaliyochemshwa, na unawe mikono. Mwenye malengelenge asimbusu mtoto mchanga. Na mtoto akikataa kunyonya, akipata homa au akilegea, mleteni hapohapo."

"Na mimi?" aliuliza Shahira.

"Nyonyesha. Titi lako halina kidonda. Nawa mikono, vaa barakoa, na usimbusu mpaka upone."

Hajati aliinuka, akaenda kunawa mikono.

Siku Rokaya aliporudi nyumbani, tulipanda ngazi kwa vigelegele. Hajati alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Midomo mbali na mtoto! Mwenye hamu ya kubusu ambusu mama yake. Asingekimbia hospitali, leo tungekuwa matangani."

Kisha yeye mwenyewe akamwinamia Shahira, mbele yetu sote, akambusu kichwani.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Na asante kwa kutongoja ushauri wangu."